Msichana Asiyekuwa Tena Kwenye Liste: Namna Tunavyopima Miradi ya Wasichana

Ndugu zangu wahitimu, na nyinyi wadogo zetu mnaosoma bado, leo nataka tuongelee kazi moja ambayo wengi wetu tumeshaifanya au tutaifanya: kupita nyumba kwa nyumba na tableti mkononi, tukiuliza watu maswali kwa ajili ya mradi fulani. Huku kwetu tunaita kazi ya enketeri. Ukimaliza chuo na hauna kazi, mara nyingi huo ndio mlango wa kwanza unaofunguka. Unapewa mafunzo ya siku mbili, unapewa kofia na beji, unaingia kijijini.

Mimi niliifanya kazi hiyo Kivu ya Kusini, upande wa Walungu, kwa mradi uliohusu wasichana wa miaka 13 mpaka 17. Lengo lilikuwa zuri: kuwapa wasichana nguvu na kupunguza ndoa za mapema. Tulipewa liste ya majina ya wale walioulizwa maswali mwanzoni mwa mradi. Kazi yetu ilikuwa kuwatafuta tena na kuwauliza maswali yale yale, ili ijulikane nini kimebadilika.

Nikafika kwenye nyumba moja, nikataja jina. Mama mwenye nyumba akanijibu: "Ule alishaolewaka, mwana wangu. Haiko tena huku. Uandike tu huyu mdogo yake, banalingana." Nikampigia msimamizi wetu. Hakusita hata kidogo: "Weka mdogo yake. Tunatafuta idadi itimie."

Nikaandika. Yule mdogo alikuwa mtoto mwerevu. Alijua kwamba sheria inataka miaka 18. Alijua ana haki ya kukataa. Alisema anataka kusoma mpaka chuo kikuu. Majibu yote mazuri, nikabonyeza kutuma. Baadaye ripoti ilipotoka, ilisema wasichana wanaojua haki zao wameongezeka sana, na kwamba walioolewa ndani ya kundi la mradi ni wachache mno. Bila shaka walikuwa wachache. Walioolewa tulikuwa tumewatoa kwenye hesabu sisi wenyewe.

Wengine watasema hayo ni makosa madogo ya ufundi. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme unaanza na wasichana 100, hakuna aliyeolewa. Mwaka unapita, 15 wameolewa na wamehamia kwa mabwana zao, 85 wako bado kwao. Ukiwauliza hao 85 na kujaza zile nafasi 15 na wadogo zao, kwenye karatasi utakuwa na ndoa sifuri kwa wasichana 100. Ukweli ni ndoa 15. Kwa mradi wa chanjo au wa mbegu, mtu aliyehama anaweza kuwa amehama kwa sababu yoyote. Kwa mradi wa ndoa za mapema, msichana ambaye haonekani nyumbani mara nyingi ameondoka kwa sababu ya lile jambo lenyewe tunalotaka kupima. Yeye ndiye jibu. Ukimbadilisha na mwingine, umefuta jibu.

Basi hoja yangu ni hii: miradi mingi ya wasichana huku kwetu inapima kile ilichofundisha, haipimi kile kilichompata msichana. Na sisi wasomi ndio tunaoshika kalamu.

Sheria iko, takwimu ziko, lakini tuzisome vizuri

Sheria yetu haina tatizo kubwa. Kodi ya familia ya mwaka 1987 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15, mvulana miaka 18. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ikakataza ndoa ya mtoto, na marekebisho ya kodi ya familia ya Julai 2016 yakaweka miaka 18 kwa wote wawili. Kwenye karatasi mambo yako sawa.

Takwimu je? Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa 2013-2014 ulionyesha kwamba katika wanawake wa miaka 20 mpaka 24, asilimia 37 walikuwa wameolewa au wanaishi na mwanaume kabla ya miaka 18. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ukaonyesha asilimia 29. Nimesikia watu kwenye warsha wakichukua hizo namba mbili na kusema: "Mnaona, miradi yetu inazaa matunda."

Tusimame hapo kidogo. Mwanamke wa miaka 20 mpaka 24 mwaka 2017 au 2018 alitimiza miaka 18 kati ya 2011 na 2016 hivi. Mradi ulioanza mwaka 2017 hauwezi kujisifia ndoa ambazo hazikufungwa kabla haujazaliwa. Na hata kama miaka ingelingana, kushuka kwa namba ya nchi nzima hakusemi ni nani aliyeishusha: inaweza kuwa shule, mji kupanuka, au namna tofauti ya kukusanya habari. Kusema "ni sisi" kunahitaji kitu kingine: kulinganisha vijiji vilivyopata mradi na vijiji vinavyofanana navyo ambavyo havikupata.

Wenzetu Waganda walipima namna gani

Kuna mfano mmoja ambao kila mtu katika kazi hii anautaja, na una haki ya kutajwa. Ni wa Uganda. Shirika la BRAC, lenye asili ya Bangladesh, lilianzisha klabu za wasichana zinazoitwa ELA. Klabu zilifunguliwa mchana baada ya masomo, zikiongozwa na dada aliyewazidi umri kidogo. Walifundishwa mambo ya mwili na uzazi, namna ya kujitetea, na pia kazi za mikono: kushona, kusuka nywele, kufuga kuku. Oriana Bandiera na wenzake walichapa matokeo mwaka 2020. Miaka minne baada ya mradi kuanza, wasichana wa vijiji vyenye klabu walikuwa na kazi ya kipato zaidi kwa asilimia 48 kulinganisha na hali ya mwanzo, nyingi zikiwa biashara zao ndogo. Mimba za utotoni zilipungua kwa zaidi ya thuluthi moja. Kuolewa mapema au kuhamia kwa mwanaume kulipungua pia. Waliosema wamelazimishwa tendo la ndoa walipungua karibu kwa thuluthi.

Mimi kinachonivutia zaidi ni nani aliyeulizwa. Ni karibu msichana mmoja kwa watano aliyeingia klabu. Lakini watafiti waliwalinganisha wasichana wa kijiji chote, walioingia na wasioingia, na wale wa vijiji visivyokuwa na klabu. Hawakuwauliza tu wale wanaokuja kila siku. Sisi tunafanya kinyume: tunapima wale waliohudhuria mpaka mwisho, kisha tunashangilia kwamba wanafanya vizuri. Wanaohudhuria mpaka mwisho ni wale ambao hawakuolewa katikati!

Tena Waganda waliuliza kuhusu ndoa na pia kuhusu kuishi pamoja. Kwetu hilo ni la lazima. Fomu nyingi zinauliza: "Umeolewa?" Msichana amepata mimba, wazazi wamempeleka kwa kijana, mahari haijatolewa, ofisi ya serikali haina habari. Atajibu hapana, na hasemi uongo. Kinshasa wana jina lake, *yaka tofanda*, njoo tukae. Usipouliza "unaishi na nani, unapika kwa nani, unalala wapi", hautapata kitu.

Lakini klabu si dawa ya kila kitu

Hapa ndipo wengi wanapoacha kusoma. Wanachukua Uganda, wanaandika "imethibitishwa", wanaweka kwenye ombi la pesa. Ila BRAC hao hao walipeleka klabu zile zile Tanzania, na tathmini iliyotoka 2017 haikukuta mabadiliko makubwa kwa wasichana. Pale walipoongeza mikopo midogo, wasichana walikuja zaidi kwenye klabu na kuweka akiba, basi. Watafiti walitaja upungufu katika utekelezaji. Zambia nako, mradi wa AGEP wa Population Council ulikuwa na wasichana zaidi ya 10,000, wakikutana kila juma na mlezi, wengine wakipewa vocha ya afya na akaunti ya akiba. Wasichana walijifunza mambo. Lakini miaka baadaye, kwenye ndoa na uzazi, tofauti haikuonekana.

Na Bangladesh, Nina Buchmann, Erica Field, Rachel Glennerster na wenzao walilinganisha vitu viwili. Sehemu moja wasichana walipata mafundisho ya kuwapa nguvu. Sehemu nyingine familia yenye binti ambaye hajaolewa ilipewa mafuta ya kupikia kila baada ya miezi michache, mpaka binti afike miaka 18. Mafuta tu, ndugu zangu! Wasichana waliokuwa na haki ya mafuta kwa miaka miwili walipunguza uwezekano wa kuolewa kabla ya umri kwa asilimia 19. Mafundisho hayakupunguza ndoa.

Sisemi tuanze kugawa mafuta Walungu na Kalehe. Kule Bangladesh familia ya msichana ndiyo inayotoa mali kwa upande wa mwanaume. Huku kwetu ni kinyume, mahari inaingia kwa baba wa msichana. Tofauti hiyo ina uzito. Lucia Corno, Nicole Hildebrandt na Alessandra Voena walionyesha mwaka 2020 kwamba ukame unapoharibu mavuno katika Afrika kusini ya Sahara, ndoa za wasichana wadogo zinaongezeka, lakini India, ambako familia ya binti ndiyo inayolipa, ukame ule ule unazipunguza. Yaani njaa moja, matokeo mawili, kwa sababu ya upande ambao mali inaelekea.

Ndipo nilipoelewa yale aliyoniambia yule mama wa Walungu. Nilikuwa nimeshafunga tableti, lakini yeye aliendelea kuongea, kama wamama wanavyoongeaka wakiona mgeni hana haraka. Mihogo ilikuwa imeugua ule mwaka. Kaka yake msichana alikuwa darasa la tano sekondari, amefukuzwa kwa deni la shule, na kama mnavyojua, elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Watu wa upande wa kijana wakaja na ngombe wawili. Nikamuuliza: "Mama, na mwenyewe alisema nini?" Akaangalia pembeni: "Alilia. Kisha alinyamaza. Alikuwaka anaenda kule kwenye mafundisho yenu kila juma, alikuwa anajua mambo yote ile."

Alikuwa anajua. Kama ningemkuta na kumuuliza maswali ya haki, angepata alama zote. Fomu yetu haikuwa na swali hata moja kuhusu mihogo, deni la shule, au ngombe.

Na pesa nazo?

Mtu atasema basi tugawe pesa. Malawi walijaribu, kule Zomba, mwaka 2008 na 2009. Sarah Baird, Craig McIntosh na Berk Özler walilinganisha familia zilizopewa pesa kwa sharti kwamba binti asome, na familia zilizopewa bila sharti. Sharti lilisaidia zaidi upande wa shule. Lakini mimba na ndoa zilipungua zaidi kwa wale waliopewa bila sharti, hasa kwa wasichana waliokuwa wameacha shule. Inaeleweka: msichana aliyeacha shule ndiye aliye karibu zaidi na kuolewa, na mwenye sharti anamnyima pesa siku ile anapoihitaji zaidi.

Watafiti hao hao walirudi zaidi ya miaka miwili baada ya pesa kuisha. Faida nyingi za pesa bila sharti zilikuwa zimeyeyuka. Waliahirisha ndoa, hawakuifuta. Je, kuahirisha ni bure? Mimi sioni hivyo. Msichana anayeolewa na miaka 18 badala ya 15 anaingia leba na mwili uliokomaa. Lakini tuite jina lake: tumenunua muda. Ripoti inayoandika "tumetokomeza" inadanganya.

Utafiti wa nyumbani kwetu

Hatuwezi kusema Kongo haijawahi kupimwa vizuri. Mradi wa COMPASS wa International Rescue Committee, pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia, ulifanya utafiti Kivu ya Kusini na wasichana 869 wa miaka 10 mpaka 14. Wasichana wote walipata mahali salama pa kukutana na mafundisho. Tofauti ilikuwa kwa wazazi: wa sehemu fulani walipata vikao vyao mara moja, wengine walingoja. Swali kuu lilikuwa ukatili wa kingono. Lindsay Stark na wenzake walichapa jibu mwaka 2018: baada ya miezi 12, vikao vya wazazi havikupunguza ukatili huo. Kilichobadilika ni upendo wa wazazi. Walikuwa wapole zaidi na hawakuwasukumia watoto pembeni kama zamani.

Nina lawama moja na sifa moja. Lawama: kwa kuwa wasichana wote walikuwa na klabu, utafiti huo hauwezi kutuambia kama klabu zenyewe zinafaa kitu. Unatuambia tu kuhusu kile kilichoongezwa kwa wazazi. Mtu asiutumie kusifia au kukataa klabu. Sifa: waliandika wazi kwamba lengo kuu halikufikiwa. Ni ripoti ngapi za miradi ya huku mmeshasoma zinazosema hivyo? Mimi, katika zile nilizoshika mkononi, sikuona hata moja. Zote "zilifanikiwa", na "changamoto" pekee ni barabara mbaya na mvua.

Sasa sisi tufanye nini

Najua mtakachosema. Vita, watu wanahama, utampata wapi msichana aliyeolewa kilomita 30 porini? Ni kweli, ni ngumu. Lakini kuna mambo ambayo hayaombi barabara wala milioni.

Kwanza, wewe enketeri, usimbadilishe mtu kimya kimya. Andika: jina fulani, hayupo, ameolewa, mama yake ndiye aliyesema. Hiyo tayari ni habari. Mama, jirani, rafiki yake wa shule wanaweza kujibu swali moja hata kama yeye mwenyewe haonekani. Msimamizi akikulazimisha, andika kwenye daftari lako ni wangapi, umpe anayeandika ripoti.

Pili, wewe unayetafuta somo la TFC, acha kuandika tena "mtazamo wa wasichana juu ya ndoa za mapema" kwa maswali 20 ya ndiyo na hapana. Chukua liste ya darasa la sita la msingi la miaka mitano iliyopita kwenye shule moja, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na ya familia, ufuate kila msichana yuko wapi leo. Majina yabaki kwako. Utakuwa na kazi ndogo, lakini ya kweli, na profesa hatalala ukiitetea.

Tatu, wewe uliyefika mezani ambapo miradi inaandikwa, uliza maswali matatu kabla ya kusaini: tunalinganisha na nani? Tutamfuata msichana mpaka lini baada ya pesa kuisha? Na mradi unagusa nini katika hesabu ya nyumbani kwake, ada, njaa, madeni, mahari? Kama jibu la swali la tatu ni "tunamwelimisha", basi tumemwachia mtoto wa miaka 14 apigane na baba, mjomba na shamba lililokufa, peke yake, akiwa na daftari.

Tangu 2025 Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake, miradi mingi imefungwa. Zile chache zinazobaki zitachaguliwa kwa kuangalia ripoti. Tukiendelea kupeleka ripoti zenye ndoa sifuri, mradi usiofanya kitu utaishi kwa sababu unaandika vizuri, na ule unaosaidia kweli lakini unaandika ukweli utakufa. Hilo litakuwa kosa letu pia, hatutamsingizia mzungu.

Klabu mimi sizikatai. Msichana kuwa na mahali pa kukaa na wenzake bila kutumwa maji wala kuni, saa mbili kwa juma, ni kitu kizuri hata kisipozuia ndoa yoyote. Tuseme hivyo basi. Tuseme ni kizuri kwa sababu hiyo, na kwa ndoa tutafute kingine cha kuongeza.

Yule wa Walungu alikuwa na miaka 16. Jina lake lilikuwa kwenye liste yangu, mstari wa juu, na mimi ndiye niliyelifuta. Nililipwa siku ile kwa fomu iliyokamilika.